Njoroge na Wale Wasioitwa

Msomaji kijana, yamkini kitabu hiki kimekufikia katika miezi ile ambayo nyumba nyingi za Kenya hungoja habari. Mtihani umekwisha, matokeo yametoka, na sasa watu wanataka kujua ni shule gani itakayomwita mtoto. Kungoja huko nakufahamu, kwa kuwa mimi ni mwalimu katika mji wa Isiolo, na kila mwaka huwaona wazazi wakija shuleni, huyu ametoka Merti, yule Garba Tulla, mwingine Oldonyiro, wote wakiwa na swali moja: “Mwalimu, ameitwa wapi?” Kwa hiyo nimeona vema nikuchambulie hadithi ambayo moyo wake ni kuitwa shule. Ni hadithi nzuri. Ina kosa moja, nalo nitalisema bila kuficha.

Jina lake ni Weep Not, Child, nayo ilipigwa chapa mwaka 1964. Mtungaji wake, Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki Mei 2025, aliitunga alipokuwa mwanafunzi Makerere, nchini Uganda, zamani zile alipokuwa akijiita James Ngugi. Habari zake ni za miaka ya Mau Mau. Ngotho ni mzee aliyenyang’anywa ardhi, naye anafanya kazi ya kibarua katika ardhi ile ile, sasa ikiwa mali ya mzungu, Howlands. Ana wake wawili na wana kadha wa kadha, na mdogo wao ni Njoroge. Siku moja mama yake, Nyokabi, anamwita na kumwuliza kama angependa kwenda shule. Ndivyo hadithi inavyofunguliwa, kwa swali la mama maskini kwa mtoto ambaye hata suruali hajapata kuivaa.

Nimefundisha sehemu hiyo mara nyingi, na sijaichoka. Tazama jinsi mtungaji anavyojizuia. Hatuelezi faida za elimu, wala hamfanyi mama kuhutubu. Mama anauliza, anataja umaskini wao, anaweka sharti kwamba mtoto asije akamwaibisha kwa kukataa shule siku moja, basi. Katika maneno hayo machache mkataba umefungwa, na mtoto hajui kwamba ametia sahihi. Hesabu ya deni hilo inaendelea hata ukurasa wa mwisho. Mtungaji asiye hodari angetujazia kurasa tatu za machozi.

Miaka inapita, vita vinaanza, na Njoroge anafaulu mtihani. Katika upande wote ule ndiye kijana peke yake aliyepata nafasi katika shule ya sekondari, ile ya Siriana. Habari inavuka vilima. Watu wasiopatana kwa jambo jingine lolote wanapatana kwa hili, na wengi wanatoa fedha ili kijana aende. Tangu hapo Njoroge si mwana wa Ngotho tu, bali ni mwana wa nchi.

Hapa wanafunzi wangu huinua vichwa, maana wanayajua mambo haya pasipo kuambiwa na mtu wa vitabu. Mjini kwetu mtoto akiitwa shule kubwa ya malazi, baba huuza ngamia au mbuzi, wajomba huchanga, na akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, yale yapandishwayo katika basi alfajiri kwenda Nairobi, hutoa walichofunga katika pindo la nguo. Baada ya ukame uliokausha malisho tangu mwishoni mwa 2020 hata 2022, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya maana, kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na hata mbuzi wa kuuza. Lakini mchango haukukoma. Basi mtoto yule huondoka na sanduku la bati, godoro, ndoo, na nyuma yake macho ya ukoo mzima. Mfano wa Njoroge si wa Wagikuyu wala si wa mwaka 1950 na kitu.

Wachambuzi wengi humlaumu Njoroge kuwa ni mwota ndoto. Husema kwamba alijidhania mwokozi wa watu wake, na dunia ilipomgeukia akavunjika kama kigae. Ni kweli kwamba alivunjika. Askari walimfuata huko huko shuleni baada ya kuuawa kwa Jacobo, chifu aliyekuwa adui wa baba yake, wakamtesa, masomo yakakoma, akaishia kuuza duka la Mhindi, na mwisho akachukua kamba akakusudia kujitoa uhai, mama yake akamkuta na kijinga cha moto mkononi. Lakini ndoto ile aliitoa wapi? Kila mtu alimpa kipande chake. Baba alitaka elimu irudishe ardhi. Mama alitaka heshima iliyo sawa na ya mke wa Jacobo. Ndugu yake Kamau alimwambia kwamba kusoma kwake ni kwa ajili yao wote. Kijana aliyebebeshwa mizigo ya watu kumi akianguka, si haki kusema miguu yake ni mibovu kabla ya kupima mzigo. Kwa jambo hili namsifu mtungaji, kwa kuwa ameuonyesha mzigo wenyewe, gunia baada ya gunia.

Sasa nije kwa lawama yangu.

Kamau ni mwana wa mke wa kwanza wa Ngotho, Njeri, na hakusoma. Alipelekwa kwa seremala, Nganga, kujifunza kazi, na mapema katika hadithi tunamsikia akilalamika kwamba Nganga hamfundishi ipasavyo, bali humtumia kwa kazi ndogo ndogo. Maneno yale ni mazuri mno, yananuka mbao. Tunatazamia kwamba tutaingia katika karakana ile, tuone randa na msumeno, tumwone kijana akiiba ujuzi ambao bwana wake anamnyima. Lakini hatuingii. Njoroge anapopanda darasa hata darasa, Kamau anazidi kuwa mkono unaolipa karo, mkono tu, usio na uso. Mwishoni tunaelezwa kwamba amefungwa maisha, nasi tunapita haraka, maana macho yetu yako kwa Njoroge.

Na Mwihaki? Huyu ni binti Jacobo, mwenzake Njoroge tangu utoto, ambaye baba yake alimpeleka shule ya bweni ya wasichana mapema. Naye alifaulu mtihani ule ule, ila alama zake hazikutosha kwa sekondari, akaenda chuo cha ualimu. Mtungaji anatuarifu hayo kwa maneno machache, kama mtu anayetaja hali ya hewa. (Nakiri kwamba sehemu hiyo hunichoma. Mimi mwenyewe ni zao la chuo cha ualimu, na sijapenda kuhesabiwa kuwa hali ya hewa.) Alifundishwa nini huko? Alijionaje aliposikia vilima vikimshangilia mwenzake? Karibu hatuambiwi kitu.

Mtu atanijibu kwamba hiyo ndiyo hila ya mtungaji: anatuonyesha ulimwengu kwa macho ya Njoroge, na macho ya aliyeitwa hayawaoni wasioitwa. Jibu hilo nalikubali nusu. Lingekuwa kamili lau hadithi isingetoka kabisa katika macho ya Njoroge. Lakini hutoka. Mara tumo katika mawazo ya Howlands, tunaona jinsi anavyoipenda ardhi. Mara tumo katika aibu ya Ngotho. Kama mlango wa moyo wa mzungu mwenye shamba ulifunguliwa, mlango wa karakana ya seremala ulishindikanaje?

Tena lipo jambo linalonifanya niamini kwamba mtungaji alijua zaidi ya alivyoonyesha. Karibu na mwisho Njoroge anamwomba Mwihaki waondoke pamoja, wakimbilie Uganda. Ni Mwihaki anayekataa, akimkumbusha kwamba wana wajibu kwa watu wengine, na kwamba wao si watoto tena. Fikiri juu ya hayo. Aliyeshangiliwa na nchi nzima anataka kukimbia. Aliyepelekwa chuo cha ualimu kwa kukosa alama ndiye anayesimama. Neno lenye uzito kuliko yote katika kitabu limetoka katika kinywa cha mtu ambaye masomo yake hayakupata hata sura moja. Nitajuaje alipata wapi nguvu hiyo? Mtungaji ametupa tunda akatuficha mti.

Miaka 46 baadaye Ngũgĩ aliirudia habari hii katika kitabu cha maisha yake mwenyewe, Dreams in a Time of War, kilichotoka mwaka 2010. Humo naona ameiva. Mama yake, Wanjiku, anamwuliza swali lile lile la Nyokabi, lakini huyu ni mama wa kweli, naye hutaka kujua, hata mtoto akileta alama kumi juu ya kumi, kama huo ndio mwisho wa uwezo wake. Kijana anafaulu mtihani wa mwaka 1954, anaitwa Alliance, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu. Januari 1955 anafika stesheni ya Limuru na sanduku lake. Wenzake wanapanda gari la moshi. Yeye anazuiwa, maana katika hali ile ya hatari Mgikuyu hakuruhusiwa kusafiri bila kibali, naye kibali hana. Gari likaondoka. Akabaki jukwaani, na barua ya kuitwa haina nguvu ya kumsogeza hatua moja. Aliyemwokoa ni mtumishi wa reli aliyemhurumia, akamtia katika gari la mizigo.

Naisifu sura hiyo kuliko yote aliyoandika juu ya shule. Katika riwaya ya 1964 kijana huitwa kwa sababu ana akili, na huanguka kwa sababu ya vita. Katika kitabu cha 2010 mtungaji amekwisha kujua kwamba baina ya akili na dawati la shule mna njia, na njiani mna karatasi, nauli, viatu, na moyo wa mtu mmoja asiyejulikana. Na huyo mtumishi wa reli hakuachwa gizani, maana jina lake limeandikwa kitabuni. Mzee amelipa deni ambalo kijana alilisahau.

Watu wa Isiolo hawahitaji kuelezwa sura hiyo. Kwa miaka mingi lami iliishia mjini kwetu. Kutoka hapa kwenda Moyale ilikuwa vumbi na mawe, na wazee waliposema “Kenya” walikuwa na maana ya nchi iliyo kusini yetu. Mimi niliitwa shule ya malazi mwaka 2004, shule yenye sifa, iliyo mbali. Barua ilikaa mahali fulani ambapo barua hukaa, ikanifikia baada ya siku ya kuripoti kupita, na tulipofika langoni, baba na mimi na sanduku, tuliambiwa nafasi imekwisha kupewa mwingine. Siitaji shule hiyo, wala sidai kwamba ilinikusudia ubaya. Tulirudi kwa lori la ng’ombe. Baba hakusema neno hata tulipovuka Nanyuki, na hapo alisema tu kwamba sanduku litafaa kuwekea nguo. Nilisoma shule ya kutwa. Pengine ndiyo maana nikisoma habari za Siriana jicho langu humtafuta Kamau. Msomaji ana haki ya kujua mchambuzi wake amesimama wapi.

Mtihani wa KCPE, uliokuwa ukiwapanga watoto tangu 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka 2025 watoto wa kwanza wa mtaala mpya walijaza majina ya shule 12 kila mmoja, za malazi na za kutwa, kabla ya kuingia gredi ya 10 Januari 2026. Utaratibu umebadilika, nao wazazi wamekuja na swali lile lile. Mama mmoja muuza maziwa aliniambia kwamba maziwa yake hufika Nairobi kila siku bila kuitwa, na binti yake amesubiri barua wiki tatu. Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

Basi nikikupa kitabu hiki nakuomba ukisome mara mbili. Mara ya kwanza mfuate Njoroge, kwa kuwa utamfuata tu hata nikikukataza. Mara ya pili simama katika sura ile ambayo vilima vinamshangilia, funga kitabu kidogo, chukua karatasi, uniandikie ukurasa mmoja ambao Ngũgĩ hakuuandika: ni asubuhi ile ile, habari imefika karakanani kwa Nganga, na Kamau ameshika randa.