Kulitambua Tanuri Jema la Moshi: La Kujijengea na la Kununua

Mtu akishapendezwa na nyama ya ng'ombe iliyoivishwa kwa moshi, kama ipikwavyo katika miji midogo ya Texas ya kati huko Marekani, haupiti muda mrefu kabla hajatamani kuwa na tanuri lake mwenyewe, na hapo huanza kujiuliza kama ajenge au anunue. Wengi hulitatua swali hili kwa kutazama mfuko, wakalinganisha bei ya dukani na bei ya bamba la chuma, ilhali jambo lililostahili kutangulia mbele ya hesabu yote hiyo ni maarifa ya kulitambua tanuri jema likiwa mbele ya macho. Maana asiyeweza kulitambua atanunua baya kwa fedha nyingi, na akijaribu kujijengea atajenga baya kwa taabu nyingi, na hasara zote mbili zina chanzo kimoja.

Ufundi huu haukuanzia kiwandani. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Kijerumani na wa Kicheki walifika Texas ya kati wakafungua mabucha, na nyama iliyobaki bila kununuliwa wakaiweka juu ya moto wa kuni katika matanuri ya matofali ili isiharibike. Na Kreuz Market ya Lockhart, iliyofunguliwa mwaka 1900, ni mojawapo ya mabucha ambayo majina yake yangali yakitajwa hata leo. Chuma kilikuja baadaye, pale mafundi wa kuchomelea walipotambua kwamba bomba nene la visima vya mafuta lililokwisha kazi, au tangi kuukuu la gesi, likikatwa mlango na kutiwa dohani, hufanya kazi ya tofali, na tena huweza kukokotwa kwa gari hadi penye karamu. Aaron Franklin, aliyeanza kuuza nyama yake mjini Austin mwaka 2009, alijiundia matanuri kwa matangi ya namna hiyo, akatoa kitabu mwaka 2015 ambamo alieleza jinsi ya kuyaunda, kisha akaanza kuwauzia watu matanuri yaliyokwisha kutengenezwa. Nayataja haya kwa kuwa yanadhihirisha kwamba tanuri la kujengwa na tanuri la kununuliwa si mahasimu: yote mawili yametoka katika karakana za aina moja, nayo hupimwa kwa kipimo kimoja.

Tanuri ninalolizungumzia ni lile la vyumba viwili, ambalo chumba kidogo cha moto kimeunganishwa ubavuni mwa chumba kirefu cha nyama, na mwisho wa pili wa chumba hicho imesimama dohani. Hewa huingia kwa mlango wa moto, ikapita kwenye kuni zinazowaka, ikachukua joto na moshi, ikaipitia nyama, ikatokea juu kwa dohani; na kazi yote ya tanuri, kwa hakika, ni kuuongoza mwendo huo usizidi wala usipungue, kwa muda wa saa kumi na zaidi, joto likikaa baina ya nyuzi 107 na 135 za Selsiasi. Muda huo hauna budi kuwa mrefu, kwa sababu kidari, yaani nyama ya kifua cha ng'ombe, ni kiungo kilichobeba uzito wa mnyama maisha yake yote, nacho kimejaa nyuzi ngumu ambazo hazigeuki kuwa ute laini ila kwa joto la taratibu. Fauka ya hayo, nyama ikifika katikati ya safari yake, joto la ndani likiwa kiasi cha nyuzi 65 hadi 75, hukwama papo hapo kwa saa kadhaa bila kupanda, kwani maji yanayovukizwa usoni mwake huipoza kadiri ile ile moto unavyoipasha. Mpishi asiye na subira huchochea moto wakati huo akaiharibu nyama, na tanuri lisilo na utulivu humtia katika kosa hilo hilo hata yule mwenye subira.

Basi jambo la kwanza la kuangaliwa ni unene wa chuma. Tanuri la kuheshimika huundwa kwa bamba la robo inchi, yaani zaidi kidogo ya milimita 6, ilhali yale yauzwayo kwa bei nafuu katika maduka makubwa aghalabu huwa ya milimita 2 au 3. Tofauti yake ni ile ya chungu cha udongo na sufuria ya bati: kimoja huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, kwa hiyo kuni ikiongezwa au mlango ukifunguliwa joto huyumba kidogo tu likarejea, kingine hufuata kila upepo unaovuma uani. Kulijua hili hakuhitaji chombo. Gonga ubavu wa chumba cha moto kwa kifundo cha kidole, na chuma chembamba kitavuma na kuendelea kuvuma, ilhali kinene kitatoa sauti fupi na kunyamaza. Kisha jaribu kuliinua upande mmoja. Tanuri la chuma kinene linalotosha vidari viwili au vitatu huzidi kilo 200, na lile ambalo watu wawili hulibeba hadi garini bila kutweta halikuundwa kwa ajili ya kazi ya usiku kucha.

Lakini unene peke yake haumfai mtu ikiwa hewa haipiti sawasawa, na hapa ndipo ustadi wa fundi unapojulikana, kwa kuwa chuma kinene hununuliwa na yeyote mwenye fedha, bali uwiano hautoki ila kwa mwenye kufahamu. Kaida ya mafundi ni kwamba ujazo wa chumba cha moto uwe kama theluthi moja ya ujazo wa chumba cha nyama. Kikipungua mno, moto hausongi mbele. Kikizidi mno, mpishi hulazimika kuukaba moto kwa kuuzibia hewa, na kuni inayonyimwa hewa haiungui bali hufuka, ikatoa moshi mweupe mzito ambao huigandishia nyama masizi machungu yenye kuuma ulimi. Moshi mwema ni mwembamba, una rangi ya samawati, na mara nyingine hauonekani kabisa, ila mtu akisimama mbele ya dohani huona hewa ikitetema kwa joto. Kwa hiyo atakaye kulijaribu tanuri kabla ya kulilipia na aombe liwashiwe moto mdogo wa kuni kavu, mlango wa hewa ukiwa wazi, akasimama kando kwa saa moja akitazama kinywa cha dohani. Ikiwa moshi hauji mwembamba pasipo kuchezea vifuniko, au ukawa unarudi nyuma kupitia mlango wa moto, basi dohani ni fupi, au ni nyembamba, au tundu linalounganisha vyumba viwili ni dogo kuliko mahitaji yake. Muuzaji anayekataa kuliwasha tanuri lake mbele ya mnunuzi amekwisha kutoa ushahidi wa kutosha.

Mahali pa dohani pana hitilafu kubwa baina ya mafundi. Wako waiwekao juu kabisa ya chumba, na wako wanaoifungulia ubavuni, usawa wa wavu wa nyama. Mimi naipendelea hii ya pili, kwa sababu huivuta hewa ya moto ipite juu ya nyama yenyewe badala ya kukimbilia darini na kutoka ingali na nguvu.

Halafu iko kazi ya mkono. Fungua mfuniko uutazame kwa ndani, usihadaike na rangi ya nje. Mshono mwema wa kuchomelea huenda mfululizo kutoka pembe hadi pembe, mawimbi yake yakilingana, hauna vitundu wala mabonge. Ule wa vituo vituo, uliozibwa kwa lipu au kwa rangi, utafunguka chuma kitakapotanuka na kusinyaa mara kwa mara. Bawaba zibebe mfuniko bila kuyumba, na ukiufunga juu ya kipande cha karatasi, kisha ukakivuta, kikatae kutoka. Au usiku utie kurunzi ndani na kufunga, nawe uzunguke nje ukitafuta nuru inayopenya. Ndani pasipakwe rangi hata kidogo, bali pasiribwe mafuta ya kupikia na kuchomwa moto mpaka pawe peusi na pakavu. Kipimajoto kilichotiwa kwenye mfuniko usikitegemee: hupima joto la darini, na nyama haiko darini.

Nani basi ajenge? Ajenge yule aliye na ustadi wa kuchomelea, au aliye na fundi wa kuaminika anayekubali kuelekezwa, na zaidi ya hayo aliye na wasaa. Kwani bamba, bomba, bawaba na magurudumu hugharimu kuliko watu wanavyodhani, na akiba haipatikani ila pale chuma kikuukuu kinapopatikana. Hapa naomba hadhari. Tangi lililowahi kubeba gesi halihesabiwi kuwa tupu hata likikaa wazi mwaka mzima. Sharti lijazwe maji kabla ya cheche ya kwanza, na kulikata ni kazi ya fundi mzoefu pekee. Chuma kilichopakwa zinki kisitumike popote karibu na moto, kwa sababu mvuke wake ni sumu kwa mwenye kuuvuta.

Asiyejua kuchomelea anao mlango mwingine, nao ni pipa la chuma la lita 200 lililobeba mafuta ya kula au chakula kingine, ambalo huchomwa moto mkali kwanza ili utando wa ndani uteketee wote, likatobolewa matundu matatu au manne karibu na kitako yenye vifuniko vya kuteleza, likatiwa kikapu cha makaa chini na wavu kiasi cha sentimita 60 juu yake. Kwa kuwa makaa yamekwisha kutoa moshi wake mchafu katika tanuri la kuchomea makaa, huweza kupunguziwa hewa bila kuleta uchungu, na kipande kimoja au viwili vya kuni hutosha kutia harufu. Kazi hii ni ya siku moja, na nyama itokayo humo imewashinda wengi wenye matanuri ya fahari.

Shauri langu, nami nina yakini nalo, ni kwamba mtu achague baina ya pipa na tanuri la chuma kinene, asinunue la katikati. Lile la bei ya wastani, lenye umbo la tanuri la Texas lakini bamba lake jembamba, ndilo linalowakatisha watu tamaa, maana lina taabu zote za moto wa kuni na halina utulivu wowote wa kuzifidia. Matanuri ya udongo wa kauri yenye umbo la yai, na yale ya umeme yajilishayo vijiti vya mbao, ni milango mingine. Yana raha yake, lakini ya pili hayamfundishi mtu moto.

Katika Afrika Mashariki mafundi wanaokata mapipa na kuyageuza majiko ya nyama choma wako kila mji, na bamba la milimita 6 hupatikana, kwa hiyo hoja ya kujenga ina nguvu zaidi kuliko ile ya kuagiza tanuri zito kwa meli. Kwa kuni, mpera uliokauka vizuri unafaa. Na mathenge, mti uliowasumbua wafugaji wa Baringo na Garissa nchini Kenya, ni wa jamii moja na mti wa mesquite wa Texas: huwaka kwa joto kali na moshi wake una nguvu, kwa hiyo uachwe uwe makaa mekundu kwanza, ndipo nyama isogezwe.

Tanuri likishafika nyumbani, la kununua au la kujenga, lisiwekwe nyama siku ya kwanza. Lipashwe joto mpaka litulie, kisha wavu wote upangwe vipande vya mkate, kutoka upande wa moto hadi upande wa dohani, kwa dakika kumi hivi. Palipoungua mkate pana joto la ziada, na hapo ndipo upande mnene wa kidari utakapoelekezwa. Palipobaki peupe pafaa kuku au soseji. Ikiwa tofauti ya ncha mbili ni kubwa mno, fundi achomelee kipande cha bamba mbele ya tundu la moto, kikiinamia chini, na mkate upangwe upya.