Insha Imepata Ngapi?

"Unaandika nini usiku wote huu?" Bibi aliniuliza juzi, amesimama mlangoni na tochi ya simu.

"Insha, Bibi."

"Si ulishamaliza shule wewe?"

Nilikosa jibu. Kwa Bibi, na nakiri hata kwangu, insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, halafu ina mtu anayesubiri kuipa alama. Nikiwa kidato cha pili nilianza insha moja kwa neno "mimi". Daftari lilirudi neno hilo limekatwa kwa wino mwekundu. Tangu hapo nikawa naandika "mtu", "jamii", "wahenga wetu". Miaka minane mizima sikuwemo katika maandishi yangu mwenyewe.

Ndiyo maana niliposoma asili ya neno la Kiingereza tunalolitafsiri hivyo, essay, niliona nimepunjwa. Waingereza walilichukua Ufaransa. Mwaka 1580 Michel de Montaigne, aliyekuwa jaji mjini Bordeaux kabla ya kujitenga na vitabu vyake mnarani, alichapisha kitabu akakiita Essais, yaani majaribio. Nyuma ya neno hilo kuna la Kilatini, exagium, lenye maana ya kupima uzito; kwa Kiingereza wanaopima ubora wa dhahabu bado wana ndugu yake, assay. Na kweli Montaigne alijipandisha mwenyewe kwenye mizani: mawe ya figo yake, usahaulifu wake, harufu, vidole gumba, hata paka wake. Anaanza hapa, anapotelea kule, anabadili mawazo mbele ya macho yako wala haoni haya. Hakuwa na haraka ya kuhitimisha. Aliendelea kuongeza maneno pembeni mwa kurasa zilizokwisha kuchapishwa hadi alipofariki mwaka 1592.

Francis Bacon alipolipokea neno mwaka 1597, likabadilika tabia. Bacon alikuwa mwanasheria, na insha zake kumi za kwanza ni fupi na kavu, kama za mtu aliyeamua kesi kabla ya kuingia mahakamani. Nikiwasoma wote wawili, sipati shida kumtambua aliyekuja kutufundisha darasani.

Wapo wenzangu wanaotaka tuliache neno "insha". Wengine wanasema "esei". Sina ugomvi nalo, ila linanukia ukumbi wa mihadhara. Wengine wanataka tafsiri ya moja kwa moja, "jaribio". Jaribio! Lile lile lililokuwa likitunyima usingizi kila mwisho wa mwezi. Tutakuwa tumemkimbia mwalimu na kwenda kujificha ofisini kwake. Ninachokipenda humo ni kimoja tu: jaribu na tajriba zina mzizi mmoja wa Kiarabu, na insha inayofunga kitabu cha tatu cha Montaigne inahusu tajriba hasa. Lakini nani atakumbuka undugu huo akisikia kengele ya mtihani?

Kwangu, insha limeonewa. Kwa Kiarabu lina maana ya kuumba, kujenga, kukianzisha kisichokuwepo. Haikuwa lazima liishie kwenye daftari la mistari. Shaaban Robert naye alipotoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kichwa chenyewe kilishaahidi mfano wa kufuata, nasi tukafuata mno. Namheshimu, lakini kielezo ni mahali pa kuanzia. Sioni sababu ya kukopa neno jipya wakati la zamani lina nafasi ya kutosha. Tatizo ni woga wetu wa kuingia humo na "mimi" zetu.

Basi usiku ule nilimsomea Bibi ukurasa wa kwanza. Unamhusu yeye, na deni la duka la Babu ambalo nyumbani hatulitaji. Alisikiliza hadi mwisho, akazima tochi.

"Na hiyo," akauliza, "umepata ngapi?"