Uwatu: Kazi ya Sufuria na Kazi ya Maabara

Kuanzia Diani hadi Msambweni, pwani ya Kenya, mwanamke akijifungua, uwatu hautakosa kutajwa. Mbegu hizo ndogo za manjano hurowekwa usiku kucha, zikatiwa kwenye uji, na mzazi akanywa katika zile siku arobaini ili maziwa yashuke. Lakini unga wa mbegu hizohizo unauzwa pia kwa ahadi nyingine: eti husawazisha homoni, hurudisha hedhi iliyovurugika na kumpa mimba aliyekawia. Ahadi hii imejengwa juu ya punje ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayowapoteza wengi.

Punje yenyewe ni diosjenini. Imo ndani ya uwatu kwa kiasi kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya uzito wa mbegu, na umbo lake linashabihiana na la projesteroni, homoni inayoutayarisha mji wa mimba. Kushabihiana tu. Kutoka moja hadi nyingine kuna safari ndefu, na aliyeifungua njia hiyo anajulikana.

Mwaka 1942 mkemia Mmarekani Russell Marker alikwenda Veracruz, Mexico, akitafuta kiazi kikuu cha mwituni chenye diosjenini nyingi. Wakati huo gramu moja ya projesteroni iliuzwa karibu dola 80. Marker alikusanyiwa viazi kwa tani, vikakatwa, vikakaushwa na kukamuliwa kwa alkoholi. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Diosjenini ilipikwa na kemikali itokanayo na asidi ya siki kwenye joto la nyuzi 200 hivi, hadi pete yake ya pembeni ikafunguka. Kisha asidi ya kromiki ikaukata mkia wa molekuli, na hatua nyingine zikafuata za kuongeza hidrojeni mahali pamoja na kuiondoa pengine. Alipata kilo 3 hivi za projesteroni, shehena kubwa kuliko yoyote iliyowahi kutengenezwa hadi siku hiyo. Kampuni ya Syntex ikazaliwa Mexico mwaka 1944, na humo, mwaka 1951, Luis Miramontes akiwa na Carl Djerassi na George Rosenkranz walitengeneza norethisteroni, iliyoingia baadaye kwenye vidonge vya kupanga uzazi.

Mwaka huohuo wanasayansi Callow, Cornforth na Spensley walieleza jinsi ya kupata hekojenini, ndugu wa diosjenini, kutoka kwenye taka za mkonge wa Afrika Mashariki, ikawa malighafi ya dawa za jamii ya kotisoni. Hakuna aliyemwambia mgonjwa anywe maji ya mkonge. Ilieleweka kwamba dawa hutoka kiwandani.

Tumbo la binadamu halina asidi ya kromiki wala joto la nyuzi 200, na mwili hauna vimeng'enya vya kuigeuza diosjenini kuwa projesteroni. Jaribio lililochapishwa Australia mwaka 2001 liliwapa wanawake 23 krimu ya kiazi kikuu cha mwituni. Projesteroni yao haikupanda.

Je, uwatu ni bure? La. Ute unaotoka mbegu zikirowekwa ni nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kuhusu maziwa, utafiti wa Uturuki wa mwaka 2011 uliwaona akina mama waliokunywa chai yenye uwatu wakitoa maziwa zaidi siku za mwanzo, ingawa mapitio makubwa ya mwaka 2020 yalikuta ushahidi wa mitishamba ya aina hii bado ni dhaifu. Wakunga wetu, basi, hawakuwa wakibahatisha ovyo walipouweka uwatu kwenye uji wa mzazi. Waliouhamishia kwenye homoni ndio waliokwenda mbali kuliko ushahidi.

Madhara nayo yapo. Anayetumia dawa za kisukari anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anahitaji tahadhari, na mjamzito asinywe uwatu kama dawa.

Dada ambaye hedhi yake imepotea kwa miezi, au inatoka bila kukoma, asingoje mfuko wa pili wa unga uishe. Aende akapimwe, iwe kwenye zahanati ya karibu au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, na amwambie daktari waziwazi kwamba anakunywa uwatu na kwa kiasi gani.