Visheti vya Idi Kule Lushoto

Kisheti kizuri kina mistari mgongoni na uwazi tumboni. Kikikosa kimojawapo, ulichonacho ni unga wa kukaanga uliopakwa sukari: kitu kisichokuwa kibaya kwa chai, lakini si kisheti. Mistari huachwa na meno ya kitana, uwazi huachwa na dole gumba, na yote mawili hufanyika kwa mvuto mmoja, kufumba na kufumbua. Siku mbili tatu kabla ya Idi, katika nyumba nyingi za Lushoto na vijiji vyake, mvuto huo hurudiwa mara mamia juu ya mkeka mmoja, na anayeusimamia karibu siku zote ni bibi.

Visheti ni vya pwani, hilo halina ubishi. Unga wake hukandwa kwa tui la nazi, na mnazi hauzai Lushoto, mji uliokaa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ambako bustani zimejaa kabichi, karoti na plamu. Kila nazi inayokunwa huko imepanda mlima kutoka Muheza, Pangani au Tanga, ikapita Mombo na kuzungukazunguka kona za Soni kabla ya kufika sokoni. Lakini anayeuliza chakula cha pwani kinatafuta nini mlimani hajui historia ya milima hii ya Usambara. Mfalme wake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vuga, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 mkono wake ulifika hadi baharini. Mmisionari Krapf, aliyemtembelea mwaka 1848, alikuta mtawala ambaye pwani haikuwa ngeni kwake. Mwanawe Semboja alihamia chini Mazinde, penye njia ya misafara, na karani wake alikuwa Abdallah bin Hemedi, ndiye aliyeandika kitabu cha Habari za Wakilindi. Bidhaa, dini, maandishi na mapishi vilipanda kwa njia ileile. Iliki ya visheti nayo haikutoka mbali: inalimwa ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika Usambara ya Mashariki, chini ya kivuli cha msitu upande wa Amani.

Tuingie jikoni. Unga wa ngano humiminwa kwenye sinia, ukatiwa chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa, kisha samli. Hapo kazi ya kwanza ni kufikicha. Bibi huusugua unga na samli kati ya viganja mpaka kila chembe ipate mafuta yake, na kipimo chake ni kuufumbata: ukifungua kiganja unga ukabaki na umbo la vidole, samli imetosha, ukimwagika, bado. Ndipo tui linapoingia, la uvuguvugu, kidogo kidogo. Asubuhi za Lushoto samli huganda koponi, na tui likitiwa baridi huigandisha tena ndani ya unga, donge likawa gumu na visheti vikatoka vigumu kama kokoto. Mpishi wa Tanga hana haja ya kulijua hilo. Wa Lushoto analijua hata usingizini, na ndiyo maana bakuli lake la tui hukaa kando ya mafiga.

Donge likishakandwa hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa lipumzike. Wapishi wenye haraka huiruka hatua hii. Adhabu yake huonekana papo hapo: unga usiopumzika hurudi nyuma, unaukunja nao unajikunjua.

Sasa kitana. Kila nyumba inayojiheshimu ina kitana kilichonunuliwa kwa kazi hiyo tu, ambacho hakijapata kugusa nywele, na huwekwa pamoja na vyombo vya wageni. Wengine hutumia mgongo wa uma, wengine chekecheo, wengine kile kibati chenye matundu cha kukunia karoti. Kila chombo kina chapa yake, na mwenye jicho akiona sahani ya visheti anaweza kukisia imetoka nyumba ipi. Kidonge cha unga, kikubwa kidogo kuliko punje ya karanga, huwekwa kwenye meno ya kitana. Dole gumba hukilaza, kisha hukivuta kuelekea kwa mpishi, nacho hujiviringa chenyewe nyuma ya kidole na kuanguka kwenye ungo kikiwa tayari.

Maelezo yanaishia hapo, na ufundi ndio kwanza unaanza. Anayejifunza hubonyeza. Bibi humwambia asibonyeze, avute. Akivuta sana, unga huchanika. Akivuta kidogo, kisheti hubaki bapa kama kucha. Ukingo unapaswa kuufikia mwili bila kushikamana nao, ili mafuta ya moto yapate mlango wa kuingilia na ndani paive sawa na nje. Kisheti kilichozibwa huwa na moyo mbichi chini ya ngozi ya kahawia, na hakuna anayekigundua mpaka mgeni akiume. Kwa hiyo bibi hutupa jicho kwenye ungo wa kila mtoto, huchukua vilivyozibwa bila kusema neno, huvirudisha kwenye donge. Sijaona namna ya kusahihisha iliyo na adabu kuliko hiyo.

Mvuto huu wa dole gumba una ndugu zake mbali. Kisiwani Sardinia, Italia, akina bibi hutengeneza malloreddus, pasta ndogo inayosukumwa kwa dole gumba juu ya kibao chenye mifuo au tako la kikapu, ikajikunja na kubaki na mistari mgongoni. Umbo ni lilelile, na hata sababu ni ileile: mistari hushika kinachomiminwa juu yake, kule mchuzi wa nyanya, huku shira. Kisiwani humohumo, mjini Nuoro, kuna pasta iitwayo su filindeu, nyuzi nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zinazovutwa kwa mikono na kutandazwa tabaka tatu, kwa ajili ya mahujaji waendao kwenye sikukuu ya Mtakatifu Francisko huko Lula. Wanaoijua ni wanawake wachache kiasi kwamba habari zao huandikwa magazetini. Mwingereza mmoja, Vicky Bennison, amezunguka Italia kwa miaka akiwarekodi mabibi wa pasta, na mwaka 2019 akawatolea kitabu. Visheti havijapata mtu wa kuvirekodi namna hiyo. Wala havijafikia upweke ule, kwa sababu ambayo nadhani ni ya kikazi kuliko ya mapenzi: mtu mmoja havimalizi. Kilo mbili za unga humtaka mpishi ama siku nzima ama watu sita. Bibi huchagua watu sita. Wajukuu huja, mkwe huja, jirani Mlutheri huja pia, maana milima hii ina Ukristo tangu wamisionari wa Betheli walipofika Mlalo mwaka 1891, na Krismasi mkopo huo wa mikono hulipwa.

Kukaanga hakuhitaji maneno mengi. Mafuta yasiwe ya moto sana, kuni za mkaratusi zichomolewe zibaki makaa, na visheti vigeuzwe bila kukoma kwa kijiko cha matundu mpaka rangi iwe ya asali. Wapishi wengi wanaweza hilo.

Shira ndiyo inayotenganisha wapishi. Sukari na maji huchemka pamoja na iliki mpaka maji yapungue kiasi chake, si zaidi, si pungufu. Kitabu cha mapishi kingekupa kipimo cha joto, na Lushoto kipimo hicho kingekudanganya, kwa sababu katika kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ukingoja shira ifike joto lililoandikwa kwa ajili ya mtu wa pwani, utakuwa umekipita kiasi na shira itakuwa nzito mno. Bibi huchukua tone kwa mwiko, hulipoza kwa pumzi, hulibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha hutenganisha vidole. Uzi ukikatika mara moja, bado. Uzi ukivutika na kusimama, sufuria huteremka. Kipimo hicho hupima uzito wa shira yenyewe, hakijali kimo, na hakihitaji betri.

Kisha mbio. Shira humwagwa juu ya visheti, navyo hugeuzwa kutoka chini kwenda juu, watu wawili kwa miiko miwili, mpaka sukari ipoteze mng'ao na kuwa nyeupe, imekauka ndani ya kila mstari. Ukichelewa, una jabali moja la visheti. Na vikishapoa havisubiri: ukungu wa Lushoto huilowesha sukari usiku mmoja tu, kwa hiyo huingizwa kwenye ndoo na makopo yenye vifuniko vya kubana kabla jua halijazama.

Idi nayo haikai mahali pamoja. Kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11, na mwaka 2015 na 2016 Idi el-Fitri iliangukia Julai, baridi ya Lushoto ikiwa kali. Miaka hii imeingia kwenye mvua za masika. Huchukua miaka 33 hivi kuzunguka misimu yote. Bibi aliyeanza kusimamia sinia akiwa na miaka 30 hukamilisha mzunguko akiwa na 63, na hapo ndipo anapokuwa ameshaijua samli ya Julai na kuni mbichi za Aprili, zote mbili kwa mikono yake. Ujuzi huo msichana wa leo hawezi kuupata simuni kwa dakika tatu, ingawa namna ya kushika kitana anaweza, na si vibaya akianzia hapo.

Visheti vya madukani vipo mwaka mzima, ndani ya pakiti za nailoni. Vingi vimekatwa kwa kisu, vipande vya pembe nne, bila mkunjo wala mstari. Siwalaumu wauzaji: kisu kinafanya kwa saa moja kazi ya mpishi mmoja ya siku nzima, na mteja hajapata kudai mistari. Lakini sukari ya visheti vile hubanduka na kubaki chini ya pakiti, kwa kuwa haina pa kushika, na katikati yake pana unga mzito usioliwa kwa raha mpaka uchovywe kwenye chai. Kwa mlaji wa kila siku vinatosha. Kwa sahani ya Idi, mbele ya wageni waliofunga siku 29 au 30, havitoshi.

Basi kama una bibi Lushoto, Soni, Bumbuli au Mtae, usimfikie asubuhi ya Idi wakati ndoo zimeshajaa. Mfikie siku mbili kabla, ukiwa na kitana kipya mfukoni. Na ukitokea pwani mbebee nazi, zilizokomaa, zinazolia maji ukizitikisa; kule juu ni ghali.