Lakini ya Kweli na Lakini ya Bandia

Wiki iliyopita nilikaa kwenye jopo, kijana akitetea pendekezo lake la uzamili. Suti imemkaa, slaidi zimepangika, tatizo la utafiti kurasa tatu nzima. Wenzangu wakamsifu: pengo limeonekana! Nami pengo hilo nililisaka kwa miwani, nikakuta hiki tu: riwaya fulani ina taswira, na kwa ufahamu wa mtafiti hakuna aliyewahi kuzichunguza. Basi. Hata kabati la bibi yangu hakuna aliyewahi kulichunguza.

Pendekezo likitua mezani kwangu, usuli nauruka. Malengo mahususi nayahesabu tu. Yakifika saba, najua hakuna hata moja. Likianza na "tangu enzi na enzi", nalirudisha. Tatizo linalozidi ukurasa mmoja si tatizo, ni woga. Na tatizo la jamii si tatizo la utafiti: mimba za utotoni ni msiba, ila hujawa na la kutafiti mpaka useme ni kipi hasa ndani ya msiba huo usichokielewa.

Ninachokitafuta ni neno moja: "lakini". Wanagenzi hulipita kama jiwe la njiani. Chukua penseli, lizungushie duara, kisha weka "na" mahali pake. "Taswira ni muhimu katika fasihi, na hakuna aliyechunguza taswira za riwaya hii." Umeona? Sentensi haikuumia popote. Ile lakini ilikuwa ya bandia.

Sasa jaribu hii. Kwa Kiswahili sanifu, jina la mtu au mnyama huvuta upatanisho wa ngeli ya mtu hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Ndiyo maana twasema "kiboko wangu amelala", "ng'ombe wangu amelala". Lakini rafiki ni yangu: "rafiki yangu amelala". Kitenzi kimemkubali, kimilikishi kimemkataa, na ng'ombe kapokewa na vyote viwili! Weka "na" hapo uone maneno yanavyolegea. Ni mambo mawili, yote kweli, na hayakai chumba kimoja. Wanaisimu wameshaliandika hilo, upya halina, na bado linaweza kuninyima usingizi. Kwa hiyo usinijie na "hakuna aliyetafiti".

Uhalali wa utafiti nao umo humohumo ndani ya lakini. Ugomvi wa kweli hizo mbili ukiamuliwa, nani atalazimika kufuta sentensi kitabuni mwake? Kama hayupo, ile orodha ya watunga sera, walimu na wanafunzi watakaonufaika haitakuokoa.

Fundi wa lakini ya kweli kwangu ni Erasto Mpemba, na alianza akiwa kidato cha tatu tu. Mwaka 1963, pale Sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, Mpemba akaingiza maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha bado uji. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyetoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Tazama alivyouliza: vyombo viwili sawa, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, friza hilohilo, kwa nini ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Darasa likacheka. Osborne akaagiza lijaribiwe, na fundi wa maabara akaleta jibu kwamba ya moto yalitangulia, akiahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo.

Matapeli nao ninao. Mmoja alichukua pendekezo lililokwisha kupita kwingine, akabadilisha jina la wilaya. Ukurasa wa 11 akasahau, wavuvi wa dagaa wakajikuta Kongwa kwenye vumbi.

Zamani haya yasingepita. Msimamizi wangu, Mungu amrehemu, alilisoma tatizo kwa sauti, fulskepu mkononi, na akifika kwenye lakini alinyamaza, akanitazama juu ya miwani. Langu alilirudisha mara saba. Hapakuwa na slaidi za kujifichia.

Nilimkuta yule kijana nje, chini ya mwembe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, riwaya zote hizi, kwa nini hii?"

Akacheka kidogo. "Basi tu, mwalimu. Msimulizi wake ni kipofu tangu kuzaliwa, lakini taswira zake karibu zote ni za rangi. Ilinikera."

"Umeliandika ukurasa gani hilo?"

"Sijaliandika. Niliambiwa nitafute pengo."