Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Masimulizi ya maDJ karibu yote yana umbo moja. Kijana anasikia ngoma redioni, anajifungia chumbani na mashine mbili za santuri, anafanya mazoezi mpaka majirani wanagonga ukuta, kisha usiku mmoja anapewa nafasi na ukumbi unalipuka. Ni hadithi ya kipaji na bidii. Nimeyasoma mengi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na karibu kila mara kuna mhusika mmoja anayeachwa nje: mtaa. Nani alimpa nafasi kijana huyu? Kwa nini yeye na si jirani yake? Muziki wa dramu na besi, uliozaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, unayajibu maswali haya kwa uwazi, na sehemu ya jibu lake haipendezi.

Tuanze na kile ambacho mtu anaweza kujifunza peke yake. Muziki huu hukimbia mapigo kati ya 170 na 180 kwa dakika, huku besi ikitembea taratibu chini yake, mara nyingi kwa nusu ya mwendo huo. DJ anashika nyimbo mbili, anausikiliza mmoja kwenye hedifoni na mwingine kwenye spika, na kusogeza mwendo wa santuri kwa vidole hadi midundo ilingane. Ngoma mbili zinaweza kwenda pamoja kwa muda mrefu na zikanoga. Besi mbili haziwezi. Mafahali wawili hawakai zizi moja: lazima DJ aishushe moja ili nyingine ipite. Kazi hiyo inahitaji sikio, subira na miezi mingi ya kurudia. Chumba kinatosha.

Kisichopatikana chumbani ni dabpleti. Hii ilikuwa santuri laini iliyokatwa nakala moja moja kabla ya wimbo kutolewa rasmi. Desturi yenyewe ilitoka kwa watu wa spika kubwa wa Jamaika, na wahamiaji wa Karibi ndio waliofika nayo Uingereza. Dabpleti ilichakaa upesi. Kila ilipochezwa ilipoteza kidogo ya sauti yake. London, maDJ walipanga foleni Music House kukatiwa zao, na foleni yenyewe ikawa baraza: hapo ndipo mtu alipojua nani ana wimbo gani, nani ameaminiwa na nani. Mtengenezaji hakumpa wimbo wake mpya kila aliyejua kulandanisha midundo. Alimpa yule aliyemjua.

Kwa hiyo katika muziki huu, kuwa DJ kulimaanisha kukabidhiwa. Ulikuwa mchukuzi wa kitu cha wengine. Redio zisizo na leseni kama Kool FM, iliyoanza kurusha matangazo mashariki mwa London mwaka 1991, zilifanya kazi kwa moyo huohuo: watu wa mtaa wakiwapigia muziki watu wa mtaa. Bristol nako, Roni Size na wenzake wa Reprazent walikua katika mji wenye urithi mzito wa spika za Kikaribi, na albamu yao New Forms ikashinda Tuzo ya Mercury mwaka 1997. Waswahili tuna msemo unaoeleza yote haya kwa maneno matatu: mcheza kwao hutunzwa.

Lakini msemo huo una mlango, na mlango una bawabu. Kwao ni wapi? Nani anaamua kwamba wewe ni wa hapa?

Ndiyo maana huwa nairudia DJ-Kicks ya Kemistry na Storm, miksi iliyotoka mwaka 1999. Kemi Olusanya na Jayne Conneely walikuwa marafiki waliozoea kwenda Rage, usiku wa ukumbi wa Heaven jijini London ambako Fabio na Grooverider walipiga muziki. Wao ndio waliompeleka Goldie huko. Mwaka 1994 wakawa naye katika kuanzisha lebo ya Metalheadz, ambayo usiku wake wa Jumapili pale Blue Note, Hoxton, ukawa shule ya muziki huu. Hata hivyo, katika maandishi mengi kuhusu enzi ile, Kemistry anatajwa kwanza kama mpenzi wa Goldie. Aliyeonyeshwa njia anaandikwa kama kiongozi wa msafara, na aliyeijua njia anaandikwa kama abiria.

Miksi yenyewe inalikataa simulizi hilo bila kupiga kelele. Ni muziki wa kiza na chuma, na uzuri wake uko katika makabidhiano. Ukisikiliza, huwezi kusema wapi mkono wa mmoja umeishia na wa mwingine umeanza. Wakosoaji hupenda kuuita ustadi wa namna hiyo utulivu, kana kwamba ni tabia ya kike. Mimi nauita elimu ya watu wawili waliojifunza katika nyumba moja, wakapeana zamu na wakakosoana, kwa sababu hawakungoja kufundishwa na mtu mwingine. Walijijengea kwao kadogo ndani ya kwao kakubwa. Aprili ya mwaka huohuo Kemistry alifariki katika ajali ya barabarani. Storm aliendelea kupiga peke yake.

Kuna mwingine aliyeachwa nje ya mlango, na yeye hakuwa mbali hata kidogo na muziki wenyewe. Mdundo unaobeba sehemu kubwa ya nyimbo hizi ulikatwa kutoka wimbo wa Kimarekani, Amen, Brother wa The Winstons, uliotoka mwaka 1969. Ni sekunde chache za ngoma za Gregory Coleman. Mtaa uliojua kukabidhiana dabpleti kwa uaminifu haukumtumia Coleman hata senti, naye akafa mwaka 2006. Kuaminiana kwa walio ndani hakukuwa haki kwa aliye nje.

Leo dabpleti zimekaribia kuwa kumbukumbu. Mimi nafanyia mazoezi laptopu hosteli, na programu inalandanisha midundo kwa kubonyeza kitufe. Wapo wanaolia kwamba ustadi umekufa. Silii nao, kwa maana ule ustadi wa vidole ndio uliokuwa rahisi kuupata. Ninachokosa ni mtu wa kunipa wimbo na kuniambia, kaujaribu Jumamosi. Vijana wa singeli wa Mburahati, Dar es Salaam, ambao muziki wao huvuka mapigo 200 kwa dakika, wanalijua hilo vizuri: Sisso Studio ilikuwa mahali pa kukaa na kusikilizwa kabla lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala haijatoa Sounds of Sisso mwaka 2017. Swali la bawabu linawahusu wao pia, na sisi tunaowaandika: kwenye makala zetu, ni wasichana wangapi tumewauliza wanapiga nini?

Msichana mmoja wa London aliwahi kuwapa Kemistry na Storm kanda ya miksi aliyoirekodi mwenyewe. Wakaisikiliza. Ndivyo Flight alivyoingia Metalheadz, na miaka mingi baadaye akawa mmoja wa wanawake wa EQ50, kundi linalowaunganisha maDJ na watengenezaji muziki wa kike wanaochipukia na lebo za dramu na besi.