Gati la Namasagali na Watu Waliobeba Mizigo

Sisi wa Mvumi tu watu wa nchi kavu. Mito yetu hupita maji siku chache za masika, kisha hubaki mchanga mtupu, nasi twachimba humo maji ya kunywa. Basi mtu aweza kuuliza, gati la mto latuhusu nini? Nataka kuonyesha ya kuwa latuhusu sana.

Katika nchi ya Uganda, kando ya mto Naili, pana mahali paitwapo Namasagali. Kutoka Jinja mto huo hushuka kwa maporomoko, wala meli haiwezi kupita. Kwa hiyo ilijengwa reli ya kuyapita kando, ikafunguliwa mwaka 1912, nayo ikaishia Namasagali, mahali maji yanapotulia. Hapo palijengwa gati na maghala. Meli za moshi zenye gurudumu kubwa nyuma zilivuka ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, zikikusanya pamba. Pamba hiyo ilitiwa katika magari ya reli mpaka Jinja, ikavushwa ziwa Victoria hata Kisumu, ikashuka kwa reli mpaka Mombasa. Kazi ya gati ilidumu miaka hamsini hivi. Kisha zikaja mvua kuu za mwaka 1961 na 1962. Maji yakapanda, yakaiharibu bandari, ikafungwa.

Sasa, watu wakisimulia bandari za kale husifu nini? Husifu meli na wageni mashuhuri. Butiaba, bandari ya ziwa Albert iliyokuwa katika safari iyo hiyo, hutajwa sana kwa ajili ya Ernest Hemingway, ambaye ndege yake ilianguka hapo mwaka 1954. Habari hiyo ni kweli, wala siikatai. Lakini nasema kipimo hicho ni kifupi. Bandari haikusimama kwa mtu aliyepita siku moja. Ilisimama kwa mabega ya watu waliobeba marobota kila siku.

Tazameni majina ya meli tatu za Namasagali: Speke, Grant, na Stanley. Kwetu si mageni. Speke na Grant walipita Ugogo mwaka 1860, na Stanley alipita Mvumi hapa mwaka 1871, akienda Ujiji. Walitoa hongo kwa watemi, na mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi. Sidi Mubarak Bombay alisafiri na wote watatu. Walakini meli hizo hazikupewa jina lake, sembuse jina la mpagazi wa kawaida. Ndiyo sababu nasema gati lile latuhusu. Walioachwa huku njiani, na walioachwa kule gatini, wamesahauliwa kwa namna moja.

Wenyeji wa kule wastahili sifa kwa jambo moja. Bandari ilipokufa, majengo ya reli yaligeuzwa kuwa shule, na baadaye Chuo Kikuu cha Busitema kikapata tawi papo hapo. Huo ni utunzaji mwema, maana nyumba yenye watoto haikosi mtu wa kuziba paa lake. Lakini paa peke yake halitoshi. Yoshua aliamuru mawe yatolewe katika Yordani, si yapendeze macho, bali watoto wapate kuuliza, na wazee wapate kujibu. Jiwe lisilo na mzee wa kulieleza ni jiwe tu.

Basi hukumu yangu ni hii: gati la kale lina thamani kama wale waliolifanyia kazi wanakumbukwa pamoja nalo. Nasi tusiwalaumu wa Namasagali kabla hatujajitazama wenyewe. Njia ya misafara ilipita vijijini mwetu, na kuna wajukuu wa wapagazi kati yetu. Tuwaulize wazee majina ya babu zao, tuyaandike, kabla hayajazama.